Mama Mkwe na Namba za Jioni

Nataka kumchora mtu ambaye sikuruhusiwa kumtazama. Kama unaona ni kichekesho, cheka kwanza umalize, halafu tuendelee. Nilikuwa mkwe katika nyumba moja ya Paya, upande wa Tororo, Uganda, kwa miaka mingi, na miaka hiyo yote sikumwona mama mkwe wangu uso kwa uso kwa muda wa kutosha kujua kama ana mwanya. Kwao ni hivyo, na kwetu Wasamia ni hivyo hivyo: mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawaketi pamoja, hawali wakionana. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hata siku tulipomzika nilisimama mbali, kwenye ua, nikasikia udongo tu.

Kwa hiyo picha yangu ni ya sauti, mgongo na ndala za bluu. Mgongo naujua vizuri. Ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayeandika ubaoni, na kweli alikuwa mwalimu wa darasa la tatu mpaka alipostaafu. Sauti ilikuwa nyembamba, haina haraka, na ilikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya sentensi mpaka wewe mwenyewe uone umekosea wapi. Mara ya kwanza nilidhani simu imekatika, nikapiga kelele, "Haloo! Haloo!" Akaniambia, "Mimi niko hapa. Nangoja wewe ufikiri."

Athieno, mke wangu, binti yake, alifariki kabla hatujajaliwa mtoto. Nalisema haraka kwa sababu sina namna nyingine ya kulisema. Miezi kadhaa baada ya matanga, baba yangu mdogo alinikalisha chini akaniuliza, "Sasa huko Paya umebaki na nini?" Jibu lenyewe lilikuwa linatia aibu: nilikuwa nimebaki na simu moja ya jioni. Mkwe asiye na mke, asiye na mtoto, anaulizwa na nani? Ndugu wa Athieno wako Kampala, kila mtu na shughuli zake. Nilijua siku simu ile itakapokoma, hakutabaki nyumba hata moja ambamo Athieno anatajwa na mimi nikasikia. Niliogopa siku hiyo kuliko nilivyoogopa jambo lingine lolote.

Simu ilianza kwa sababu ya kompyuta. Kazi ya mama mkwe ya uzeeni ilikuwa maneno. Kulikuwa na kamati ya lugha pale Tororo, watu wa kanisa pamoja na walimu wastaafu, iliyokuwa inatengeneza kamusi ya Kidhopadhola, lugha ya kwao, na kila mkusanyaji alikuwa na akaunti yake kwenye tovuti ya kamati. Unaingia, unaandika neno, maana yake, sentensi ya mfano, unahifadhi. Athieno ndiye aliyemfungulia mama yake akaunti, akampa na laptopu yetu ya zamani. Tovuti ilikuwa na masharti yake: ukitumia kompyuta ngeni kwake, inatuma namba za siri kwa simu, uziandike ndipo upite. Simu ya mama wakati huo ilikuwa kimeo, ujumbe unaingia siku ukipenda, basi Athieno akaweka namba ya simu yangu. "Ya muda tu," aliniambia. "Tutabadilisha." Akaugua mwaka huo huo.

Mimi nina saiba ndogo Busia, upande wa Kenya, na chumba changu cha kulala kiko nyuma yake. Nachapisha, natoa kopi, nasafisha kompyuta za watu, nawasaidia waliosahau paswadi zao, nao ni wengi kuliko waliozikumbuka. Kama kila mtu wa mpakani, simu yangu ina laini mbili. Laini ya Uganda haishiki vizuri dukani. Inashika kwenye dirisha la nyuma tu, karibu na choo, ukisimama upande wa kushoto na kuinua simu kidogo. Hapo ndipo nilipopokea namba za mama mkwe miaka yote, nikiwa nimesimama kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Siku kompyuta ilipomkataa kwa mara ya kwanza, matanga yalikuwa yamepita muda mfupi tu, na mimi sikutarajia tena kuona simu kutoka Paya.

"Mkwe," akasema, "hii kompyuta nakataa mimi."

Tulikuwa tunazungumza Kiswahili, yeye na mimi, kwa sababu Kisamia hakijui na Kidhopadhola changu ni cha kuombea maji. Alikuwa hakipendi Kiswahili. Alisema ni lugha ya askari na ya kugombania bei sokoni. Lakini ndicho tulichokuwa nacho.

"Inasemaje, Mama?"

"Haisemi. Mimi naweka jina, naweka paswadi, yeye nafikiri kidogo, halafu narudisha mimi kwa mlango. Hakuna hata kosa imeandika. Ni kama mtu ameona wewe unakuja, amefunga mlango pole pole."

Nilikwenda Jumamosi, na huko ndiko kazi ilikokuwa. Fundi anataka kompyuta. Kompyuta iko mikononi mwa mama mkwe. Na Athieno, aliyekuwa akipokea huku na kupeleka kule, tumeshamzika kwetu Lunyo. Nilisimama kwenye ua nikakohoa. Baadaye nikamwona anatoka kinyumenyume, jameni, kinyumenyume kabisa, mgongo mbele yangu, laptopu mikononi. Akaiweka juu ya kigoda katikati ya uwanja, akazunguka upande mwingine ili asinigeukie, akaingia ndani akafunga mlango. Ndipo mimi nikasogea. Nikafanya kazi nimechuchumaa, kuku wananichungulia, na yeye nyuma ya ukuta wa jikoni anauliza maswali.

"Umeona ugonjwa?"

"Nimeuona, Mama. Tovuti ikikukubali inakupa kikaratasi, kama askari wa geti. Wanakiita kuki. Kila ukurasa unaogusa, kompyuta inaonyesha kikaratasi hicho, ndiyo maana huulizwi jina kila mara. Sasa kamati wamehama, wameweka tovuti mpya, mhuri umebadilika. Wewe bado unaonyesha kikaratasi cha zamani. Askari anakurudisha."

"Na kwa nini yeye hawezi kusema, 'Mama, karatasi yako ni ya zamani'?"

"Hiyo ni adabu ambayo hakufundishwa."

Nikasikia pumzi imemtoka puani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumchekesha.

"Halafu," nikaendelea, "kompyuta yenyewe inaweka kurasa za zamani ili isichoke kuzileta upya. Kwa hiyo inakuonyesha geti ambalo limeshabomolewa. Tunafuta vyote viwili, tunaanza upya."

Nikafuta. Tovuti ikaona kompyuta ngeni, ikatuma namba kwenye simu yangu, nikazisoma kwa sauti nikielekea ukutani, kisha nikakumbuka kwamba kompyuta iko kwangu. Tukacheka tena, safari hii wote wawili, kila mtu upande wake. Nikaondoka bila kunywa hata maji, maana yeye yuko nyumbani na mimi siwezi kunywa akiwa hapo.

Mwalimu ukimfundisha jambo analitia kwenye ratiba. Nilimwonyesha kwa simu namna ya kufuta mwenyewe, nikidhani ni dawa ya siku mbaya: zile nukta tatu juu, historia, futa, kuki na kurasa zilizohifadhiwa, muda wote, kubali. Yeye akaifanya kazi ya kila jioni. Kuku wakishaingia, akishafagia uwanja, anafagia na kompyuta. "Nimefagia," alikuwa akiniambia, kwa sauti ya mtu aliyemaliza wajibu wake. Na kwa sababu amefagia, jioni inayofuata tovuti haimjui, inatuma namba, na namba zinakuja Busia, dirishani kwangu, karibu na choo.

Basi ikawa hivyo. Giza likianza kuingia, simu inatoa mlio wa ujumbe, na kabla sijausoma tayari mama mkwe anapiga.

"Mkwe. Soma."

Nasoma. Yeye anarudia, moja moja, kama anaita majina ya watoto darasani. Nikiharakisha ananikata. "Usikimbie. Mimi si treni." Nikimeza tarakimu ya katikati ananyamaza mpaka niirudie. Namba zile zina muda wake, ukichelewa zinakufa, na mara nyingi zilitufia mkononi kwa sababu ya ualimu wake. Tunaomba nyingine. Hakuwahi kulalamika zikifa. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika.

Akishaingia anauliza swali moja. "Mvua imenyesha Lunyo?"

Mimi naishi Busia. Lunyo ni kwetu, nakwenda mwisho wa juma. Mwanzo nilijibu kijinga tu, imenyesha, haijanyesha, mihogo iko hivi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anauliza kaburi. Athieno amelala kwetu, na mama hafiki kwa mkwe hivi hivi. Lazima aalikwe, iwe na shughuli, na shughuli hiyo Athieno ndiye aliyekuwa aipange. Siku ya maziko alikuja na wanawake wa kwao, akaondoka nao, hakurudi tena. Nilipoelewa nikaanza kumjibu anachouliza. Nikamwambia nimepalilia. Nikamwambia udongo umetulia, nimepanda maua mekundu, yameshika. Alikuwa akisema, "Eeh," halafu, "Asante, mkwe," na simu inakatwa. Hapo mimi nabaki nimesimama dirishani na simu yangu, sina pa kwenda ila chumbani.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mkali, tena mwenye kiburi. Kamati ilimwogopa. Mzee mmoja aliwahi kuandika maana ya neno kwa mstari mmoja, yeye akairudisha na maelezo ya ukurasa mzima na mwisho akaandika, "Rudia kazi hii." Mzee mwenyewe ni mchungaji! Alikuwa akigombana na umeme, na waya, na panya aliyekuwa akitafuna waya, na redio ikisoma taarifa ya habari kwa Kidhopadhola kibovu alikuwa akiijibu kwa sauti. Nilikuwa namsikia kwenye simu: anamsahihisha mtangazaji, huku anaosha sahani. Sahani moja. Nilikuwa naihesabu bila kutaka, kwa sababu mimi pia kwangu nilikuwa naosha moja.

Kuhusu mila alikuwa na ndimi mbili. Siku moja akiwa nyuma ya ukuta aliniambia, "Hii kitu ya kujifichana ni ya watu hawana kazi. Mimi na wewe ni watu wasomi. Sisi ni Wakristo." Nikasema moyoni, haya basi, leo labda tutaonana. Nikapiga chafya, nikasogea kidogo. Loo! Nikasikia kigoda kimeanguka na ndala zinakimbilia chumba cha ndani. Akaongea kutoka huko, sauti ikiwa mbali, "Lakini heshima ni heshima."

Na siku nyingine tulikutana Tororo mjini, ana kwa ana, kwenye kona, kila mtu na mfuko wake. Mimi niliganda. Yeye aliingia kwenye duka la kwanza lililokuwa wazi, nalo ni duka la nguo, akageukia ukuta. Mwenye duka akamrukia: karibu Mama, gomesi nzuri, rangi hii itakupendeza. Nilivuka barabara nikaondoka mbio, lakini baadaye nikapata habari kwamba alitoka na gauni lile la gomesi, la zambarau. Jioni nilipomsomea namba alisema, "Wewe leo umenivalisha." Hakuongeza neno. Gomesi ile aliivaa kanisani mpaka ikapauka.

Maneno ndiyo yaliyokuwa furaha yake. Mara nyingine, akishaingia, alikuwa akiniambia neno la siku hiyo. Sitayaandika hapa, mdomo wangu unayaharibu. Lakini alinieleza kwamba wana neno la udongo unaobaki kwenye jembe ukishamaliza kulima, na neno la mtu anayekuja kusalimia wakati chakula kinakaribia kuiva. Kila neno lilihitaji sentensi ya mfano, na sentensi zake nyingi zilikuwa za Athieno. Athieno anachota maji. Athieno amepoteza kiatu. Athieno hataki kusuka nywele. Kamati walimwambia, Mama, badilisha jina, hii ni kamusi. Akawajibu, "Nyinyi leteni mtoto wenu tuweke."

Aliniambia hayo akijua nitacheka, nami nilicheka. Zaidi ya hapo hakumzungumzia. Wala mimi. Tulikuwa tunapita karibu naye, kwa mvua, kwa kamusi, na hakuna aliyethubutu kusimama. Angekuwapo mtu wa kati angetuzungumzisha zamani, lakini aliyekuwa kati yetu ndiye aliyeondoka, na mkwe na mama mkwe hawana desturi ya kufunguliana moyo. Nilikuwa na mengi ya kusema. Kuna jioni nilikuwa nimesimama dirishani hata kabla ujumbe haujaingia.

Jambo la ufagio nililiona tangu mwanzo, mimi ni fundi. Niliwahi kumwambia mara moja, kwa adabu.

"Mama, ukiacha kufagia, kompyuta itakuzoea. Haitaomba namba tena."

Akanyamaza. Sikujua kama ni ule unyamavu wa kungoja nifikiri, au mwingine.

"Mimi siwezi kulala na nyumba chafu," akasema.

"Sawa, Mama."

Sikulirudia tena. Nilijiambia ni mzee, amezoea ratiba yake, muache.

Halafu akaja binti wa kamati. Ndiye aliyekuwa akisimamia tovuti yao, msichana mcheshi wa Tororo, alikuja Busia kutafuta chaja ya kompyuta. Alipojua mimi ni mkwe wa nani, akaweka mkono kifuani.

"Wewe ndiye ile namba ya Kenya!"

"Ni laini ya Uganda," nikamwambia, "ila inakaa Kenya."

"Mama yule ananichosha," akasema, lakini anacheka. "Wazee wote wakishindwa kuingia ninawatuma kwake. Anawafundisha kwa simu: futeni kuki za zamani mara moja, basi, msifute kila siku, mtasumbuliwa na namba. Wamepona wote. Yeye mwenyewe kila siku mfumo unaonyesha umemtumia namba. Nikamuuliza, Mama, mbona wewe unafuta? Akasema anajua anachofanya."

Nilikuwa nimeshika chaja, nikaendelea kuishika.

"Nikamwambia basi nibadilishe, namba zije kwa simu yako, siku hizi una simu nzuri. Alinijia juu! Akasema namba ile iliwekwa na binti yake, na hakuna mtu wa kuigusa."

Binti alilipia chaja akaenda zake. Mimi nilikaa dukani bila kuhudumia mtu. Mteja mmoja alinisemesha mara kadhaa, akachoka, akatoka. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilichofikiria ni kwamba kule Paya kuna mtu anayefuta kompyuta yake kila jioni kwa makusudi ili asikie sauti ya mtu mwingine, na kwamba mtu huyo ni mimi, na kwamba kama angejaribu kuniambia hivyo kwa mdomo wake angekufa kwa aibu. Jioni ilipofika, simu ikalia.

"Mkwe. Soma."

Nikasoma. Nilisoma polepole kuliko siku zote. Alirudia vizuri, hakukosea hata moja.

Kamusi ikaisha. Kila kitu kizuri kina mwisho wake na kila kamati ina mkutano wa kufunga. Binti yule alinitumia ujumbe kwamba tovuti itafungwa kwa wakusanyaji, hakuna atakayeingia tena kuandika, kazi inakwenda kwa mchapaji. Jioni ya mwisho mama mkwe aliomba namba kama kawaida, akaingia, akaniambia ameweka neno la mwisho. Sikumuuliza neno gani. Aliuliza Lunyo, nikamjibu. "Asante, mkwe." Akakata.

Kesho yake sikupata ujumbe. Nilikwenda dirishani hivyo hivyo. Keshokutwa pia. Nilijua sitapata, sikuwa mwendawazimu, lakini miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Kumpigia nilitaka. Ningemwambia nini? Mkwe hampigii mama wa mke wake kumuuliza ameamkaje, hasa mkwe ambaye mke hayupo. Ningempigia akaniuliza, "Unataka nini?" ningejibu nini? Baba mdogo alikuja kunitembelea juma hilo, akaniona nimekonda. Akasema sasa ni wakati wa kutafuta mwingine, yale ya Paya yamekwisha. Sikubishana naye kwa sababu nilidhani anasema kweli.

Nilipoalikwa Tororo kwenye uzinduzi wa kamusi, karibu nisiende. Binti wa kamati ndiye aliyenialika. Alisema mimi nami nimechangia, kwa zile namba. Nikavaa koti. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa, kwaya inaimba, watoto wanapita na soda. Nikakaa nyuma kabisa, upande wa wanaume. Yeye alikuwa mbele. Niliutambua mgongo mara moja, ingawa ulikuwa umeinama kidogo, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliitwa, akasimama kwa shida, akashikwa mkono. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na mimi nikapiga makofi nikitazama chini, kama inavyotakiwa.

Chakula kilipopakuliwa nikatoka. Siwezi kula mahali anapokula. Nikazunguka nyuma ya ukumbi, kwenye kivuli cha ukuta, mahali bodaboda zilipokuwa zimeegeshwa. Kutoka pale mwamba wa Tororo unaonekana wote. Juu yangu kulikuwa na dirisha wazi na humo ndani sahani zinagongana, watu wanacheka. Nilikuwa nimeamua kurudi Busia bila kuaga. Kumuaga nani?

Simu ikalia. Nikaitazama. Nilidhani mama mkwe ameikalia simu yake kwa bahati mbaya.

"Haloo, Mama."

"Mkwe." Sauti ilikuwa imechoka. "Wewe umekuja. Nimeona viatu."

"Nimekuja, Mama. Hongera."

"Leo hakuna namba."

"Najua, Mama."

Akanyamaza. Nikamwachia. Nyuma yake, kwenye simu, mtu aliangusha kijiko, na kijiko hicho hicho nikakisikia kimeanguka juu ya kichwa changu, ndani ya dirisha. Alikuwa pale, upande wa pili wa ukuta. Sijui kama yeye alijua mimi niko wapi.

"Kompyuta haina shida," akasema. "Kazi imekwisha. Mimi nimekupigia tu."

Nikakaa chini kwenye ukingo wa saruji, nikaligeuzia dirisha mgongo.

"Umefanya vizuri kunipigia, Mama," nikasema mwishoni.

"Mimi najua Athieno wa hapa nyumbani," akasema. "Yule wa kwako mimi sijui. Hakuna mtu ameniambia. Alikuwa mtu gani huko kwako?"

Nikamwambia alikuwa anaimba akipika. Nikamwambia alikuwa anaimba vibaya sana, mpaka majirani wa Busia wakanunua redio. Na mama mkwe akacheka, akacheka kweli, nikamsikia kwenye simu na nikamsikia dirishani.

"Endelea," akasema.